Papi za Futi Tano

Ni mimi niliyesema futi tano. Si fundi. Naliandika hili kwanza, hata kabla sijawasalimu, kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitapata njia ya kulizunguka, kama nilivyolizunguka kwa karibu miaka ishirini, katika taarifa, katika vikao, na mara moja mbele ya darasa zima la wanafunzi waliokuwa wakiandika kila neno langu kana kwamba nalisoma kutoka kitabuni.

Haya, hamjambo. Nawaandikia nyinyi mlioanza kazi ya ujenzi juzi, mnaotumia kompyuta inayopaka rangi nyekundu pale paa litakapoumia. Sisi tulikuwa na kikokotoo, jedwali lililotolewa nakala hadi tarakimu zikafifia, na kiburi. Nimestaafu kwa hiari nikiwa na magoti mabovu na maoni mengi. Magoti siwezi kuwapa.

Tuanze na bati lenyewe, maana wengi wenu mnalipigia mahesabu bila kulijua tabia. Chukueni karatasi moja ya daftari. Ishikeni upande mmoja: upande wa pili unainama kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Sasa ikunjeni mikunjo midogo midogo ya kwenda na kurudi, ilazeni juu ya vitabu viwili vilivyoachana, kisha wekeni juu yake kalamu, na kiberiti, na hata kijiko. Itabeba. Karatasi ni ile ile, hamjaiongezea hata uzi mmoja. Mlichokiongeza ni kimo. Bati la mawimbi ni hivyo hivyo: nguvu yake haiko katika chuma, maana chuma chenyewe ni chembamba kama ganda la yai, iko katika kimo cha wimbi.

Linapoinamishwa, migongo ya juu hubanwa na mifereji ya chini huvutwa. Chuma chembamba kikivutwa huvumilia sana. Kikibanwa hutafuta pa kutorokea. Mgongo ukishabonyea hata kidogo, kimo kimepotea, na kimo kikipotea mmerudi kwenye karatasi yenu ya daftari. Ndiyo maana mbao hulia kabla ya kuvunjika, zikawapa nafasi ya kukimbia, lakini bati huinama likirudi, huinama likirudi, halafu siku moja hukunjika kwa mara moja, pale pale, na halirudi tena.

Jambo la pili ni nafasi kati ya papi, yaani zile mbao za kulala ambazo bati hupigiliwa juu yake. Mtu akisikia futi tatu na futi tano anaona tofauti ya futi mbili tu. Bati halioni hivyo. Kwa mzigo uliotandazwa sawasawa, ukitoka futi tatu kwenda futi tano, shida inayolipata bati katikati ni karibu mara tatu, na bonde linalojitokeza ni karibu mara nane. Haya nilifundishwa chuo kikuu, nikajibu mtihani, nikapasi vizuri tu.

Ambacho sikufundishwa chuo kikuu nilikipata kwa Fundi Kalumba.

Huyu alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mtu wa miaka arobaini na kitu wakati huo, mrefu, mkimya. Ukimya wake ulikuwa na sababu ya kikazi: mdomo wake ulikuwa umejaa misumari tangu asubuhi. Aliitoa mmoja mmoja kwa ulimi, kichwa kikiwa kimeelekea nje tayari kwa nyundo, na hakuwahi kuangusha hata mmoja. Tuliofanya naye kazi tulijua kwamba akiitema yote kiganjani, basi ana neno.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Tabora, nimetumwa Kigoma na shirika lililokuwa likijenga mabanda ya wakimbizi. Siku ya kwanza niliwakusanya mafundi wote nikawapa somo. Nilichora ubaoni, nikaeleza mkazo na mbano, nikasema "kwa hiyo" mara nyingi sana. Walisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, Fundi Kalumba akatema misumari.

"Tumeelewa, injinia. Sasa lile bati la mwisho ukingoni, mdomo wake uelekee wapi, upepo unakotoka au unakokwenda?"

Sikujua. Nikasema nitaangalia kwenye kitabu. (Mdomo wa bati hauelekezwi upepo unakotoka. Andikeni.)

Yeye alikuwa na kipimo chake. Kila mzigo wa bati ulipoletwa alitoa bati moja, akalilaza juu ya magogo mawili, akapiga goti katikati, polepole, sikio limeinama. Kwanza bati hushuka kimya. Halafu linatoa mlio mdogo, kama mtu anayetegua kidole. Hapo aliondoa goti na kuangalia kama limerudi. Kabla ya mlio, alisema, unaweza kulala juu yake. Baada ya mlio, teremka. Nilipokwenda kupima kwa mahesabu nikakuta mlio ule ni mgongo wa wimbi unapoanza kubonyea. Yeye alikuwa ameusikia miaka mingi kabla mimi sijauandikia mlinganyo.

Nilimcheka. Si mbele yake. Nilimwandikia rafiki yangu barua nikamwambia kuna fundi huku anayepima bati kama daktari anavyopima kifua.

Sasa niwapeleke kwenye banda.

Ilikuwa katika ile miaka ya wakimbizi, mashua zinashusha watu kila siku katika fukwe za kaskazini mwa Gombe. Sisi tulikuwa kijiji kimoja ukishaipita Mwamgongo kuelekea Kagunga. Hakuna barabara kule. Milima inashuka moja kwa moja mpaka majini, na kijiji kimekaa kwenye kipande cha ardhi chembamba kama rafu. Watu walifika wakiwa wamelowa, wakakaa mchangani chini ya turubai, wakisubiri meli ya kuwapeleka Kigoma na kutoka huko kambini. Kazi yetu ilikuwa kuwajengea banda moja refu la kusubiria, paa la mteremko mmoja, upande wa mbele juu na wa nyuma chini. Kwa sababu mlima ulikuwa mgongoni kabisa, ukingo wa nyuma wa paa ulikuwa karibu uguse ardhi ya mteremko. Mtu aliweza kutoka mlimani akaingia juu ya paa kama anavyopanda kizingiti. Hilo nililiona kwenye mchoro wangu mwenyewe na halikunisemesha kitu.

Mbao zilikuja kwa mashua kutoka Kigoma mjini. Zilikuja pungufu, kwa sababu magunia ya unga yalipewa nafasi yake kwanza, na hilo lilikuwa sawa. Papi tulizopata zilitosha zaidi kidogo ya nusu ya banda kwa futi tatu. Ng'ambo ya ziwa, juu ya milima ya Kongo, mawingu yalikuwa yamekaa siku ya tatu.

Mabati nayo yalikuja na karatasi iliyosema geji ishirini na nane. Mnajua namba hizi zinakwenda kinyume: kadiri namba inavyopanda, bati linapungua unene. Fundi Kalumba alishika pembe ya bati moja kwa vidole viwili, akaikunja kidogo, akaiachia.

"Hii thelathini na mbili," akasema.

Nikamwonyesha karatasi ya mzigo. Akaisoma yote, mpaka chini, akanirudishia.

"Karatasi nzuri," akasema. "Lakini bati ni thelathini na mbili."

Nikafungua jedwali langu. Kwa geji ishirini na nane, futi tano inakubalika, mzigo ukiwa ni upepo, mvua na fundi mmoja na zana zake. Nikamwambia tutapiga futi tano, papi zitatosha banda zima, watu wote wanaingia ndani kabla ya mvua.

Akatema misumari yote.

Alisema mambo mawili. La kwanza, tupige nusu ya banda kwa futi tatu, nusu nyingine tuifunike turubai mpaka mashua ya pili ilete papi. La pili nalikumbuka kwa maneno yake: "Injinia, mvua ikilowesha huu mchanga, wanawake wa hapa wataanika dagaa wapi? Wataanika juu ya paa lako."

Nikamjibu kwamba lile ni banda la wakimbizi, si kichanja cha dagaa, na kwamba shirika litaweka kibao. Kuhusu paa la nusu sikumpa sababu, lakini nitawapa nyinyi: mkuu wetu wa kazi alikuwa anakuja na wageni wiki ile, na sikutaka wakute paa la nusu. Nilitaka picha. Ningependa kusema niliwafikiria wale watoto waliolowa, na kweli niliwafikiria, lakini niliwafikiria pamoja na picha.

"Kwa hiyo futi tano," akasema Fundi.

"Futi tano. Likitokea lolote ni juu yangu."

Alirudisha misumari mdomoni akaanza kazi. Tulikuwa wawili tu, mafundi wengine walikuwa majini wakishusha mbao, na mimi sikuandika popote. Nilimpimia kwa mguu tu, hatua moja ndefu na kipande.

Mvua ilikuja, paa likaibeba. Wageni walikuja, wakapiga picha. Mimi nimo katika picha hiyo, nimevaa kofia ngumu katika kijiji ambacho kitu pekee kinachoweza kukuangukia ni embe.

Kuna jambo la pembeni niwaambie hapa, kabla sijafika pabaya. Miaka ya baadaye, darasa moja karibu na Kidahwe lilivuliwa nusu ya paa na upepo. Papi zilikuwa sawa, futi tatu, na wavulana waliojenga walikuwa wamejitahidi. Walikuwa wamepigilia misumari kwenye mifereji, kwa sababu ndipo bati linapogusa mbao na nyundo inapata kituo. Upepo unapopita juu ya paa hulivuta bati kwenda juu, na hapo kila kitu kinageuka: kilichokuwa kinabanwa sasa kinavutwa, na bati linakunjika kuzunguka kichwa cha msumari mpaka tundu linapanuka. Na kabla ya hapo maji yalikuwa yameshapita tundu hilo hilo, maana mfereji ndiyo njia ya maji. Msumari hukaa mgongoni, taratibu, bila kuuponda mgongo. Ukiuponda umelipunguzia bati kimo kwa mkono wako mwenyewe. Na ukitembea juu ya paa, kanyaga palipo na misumari, kwa sababu chini yake kuna papi. Hayo yote aliniambia Fundi Kalumba, na mimi niliwaambia wale vijana wa Kidahwe kana kwamba niliyazaa mimi.

Haya, turudi.

Wanaovua dagaa kwa taa hawaendi ziwani mbalamwezi ikiwa kali. Giza liliporudi, mashua zikarudi zimejaa. Mchanga ulikuwa umelowa tangu wiki iliyopita, mawe nayo yamelowa, na pale nyuma ya kijiji palikuwa na uwanja mzima wa chuma kipya, umeinama vizuri, unapashwa na jua tangu saa tatu asubuhi. Kibao tulikuwa hatujaweka. Na hata tungeweka.

Alianza mwanamke mmoja, kwa ungo. Kesho yake walikuwa sita, kwa ndoo. Walitoka mlimani wakaingia juu ya paa bila hata kunyanyua khanga. Niliwaona. Walinisalimia kutoka juu, "Mwakeye," nami nikaitikia kwa Kiha changu kibovu wakacheka. Paa lote liling'aa fedha juu ya fedha, na nilisimama nikalitazama nikaona ni zuri. Niliona pia, jua la jioni lilipoanza kulala, vivuli vyembamba vilivyolala katikati ya papi na papi, kimoja baada ya kingine, kama mbavu. Vile vivuli ni mabonde. Nilijua ni mabonde. Nikajiambia ni macho.

Siku iliyofuata mvua ilivuka ziwa kwa haraka, ukuta mweupe unaotembea juu ya maji. Kila mwanamke alikimbilia dagaa wake. Mmoja wao, Mama Sifa, mke wa mvuvi na mwenye mwili wake, alikanyaga katikati ya papi mbili. Nilikuwa ndani ya banda, nikasikia kwanza ule mlio mdogo wa kutegua kidole juu ya kichwa changu, kisha mwingine mkubwa, kama kopo la maziwa linapokanyagwa. Bati lilikunjika kama daftari linalofungwa, likachomoka kwenye misumari upande mmoja, na mguu wa Mama Sifa ukaja ndani mpaka pajani, ukisuguliwa na ukingo wa bati.

Wakimbizi wanaume ndio waliomsukuma kwa chini na wenzake wakamvuta kwa juu. Watu wasiokuwa na kitu walichana nguo zao wakamfunga. Alipelekwa zahanati kwa mashua, mvua ikinyesha, akashonwa huko akiwa anauliza nani ameondoa dagaa wake. Ndani ya banda maji yalimwagika juu ya magunia na juu ya watoto niliotaka wasilowe.

Mkuu wa kazi alikuja baada ya siku mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, mwenye haraka. Alishika futi kamba mwenyewe, akapima papi hadi papi. Kisha akatuita, mimi na Fundi, tukasimama chini ya lile tundu.

"Nani alipanga futi tano?"

Fundi Kalumba hakuwa na misumari mdomoni siku hiyo. Alisema, "Mimi nilipigilia. Aliyepima yupo."

Mkuu akanigeukia. Nataka mjue kwamba sikupanga kusema nilichosema. Nilifungua mdomo nikidhani nitaeleza habari za mbao pungufu, za karatasi ya geji, za mawingu. Ikatoka sentensi fupi, safi, yenye sarufi nzuri.

"Nilimwambia futi tatu."

Fundi alinitazama, si kwa hasira. Kwa namna alivyotazama bati baada ya kuondoa goti, kuona kama litarudi. Nilitazama tundu. Mwishowe akasema, "Kama injinia amesema," akaenda kuchukua nyundo yake na msumeno wake, akakaa ufukweni kusubiri mashua.

Taarifa niliiandika mimi. Iliingia kwenye faili lake na maneno mafupi juu: asipewe kazi za paa. Nawaomba muelewe maana ya maneno hayo. Miaka ile, kutoka Kigoma mjini hadi Kasulu, kazi ya paa ilikuwa ni kazi ya mashirika. Mashirika yalipeana majina. Fundi Kalumba alirudi Ujiji, akawa anatengeneza viti, meza na majeneza kwenye kibanda mbele ya nyumba yake. Alikuwa na watoto wanne wanaosoma, na Ujiji ni mji ambao habari inafika shuleni kabla ya mwalimu. Wakawa watoto wa yule ambaye paa lake lilimkata mama wa watu.

Nilijaribu kujitibu kwa njia za kijinga. Nilimwagiza kabati la vitabu. Alinipokea vizuri, nikamwamkia, akanikaribisha maji. Baada ya wiki tatu likaletwa, limekingwa mihimili kila futi moja, kabati ambalo ungeweza kuegesha trekta juu yake. Vitabu vyangu viko humo mpaka leo, na rafu haijainama hata unywele. Hakuandika neno lolote, alituma kabati tu.

Kisha nikahama. Nikapanda cheo. Ajabu ya uongo wa kikazi ni kwamba ukishapigwa muhuri unaanza kuuamini. Nikawa nakumbuka kabisa, kwa macho yangu, nikimwonyesha fundi vidole vitatu. Nilialikwa kufundisha siku moja, nikakitumia kisa kile kama mfano wa fundi asiyefuata maelekezo. Msichana mmoja nyuma akanyoosha mkono akauliza, "Fundi mwenyewe alijitetea vipi?" Nikasema muda umekwisha. Ulikuwa umebaki robo saa.

Wakimbizi walikuja tena. Ukanda ule ule wa ziwa, mashua zile zile au watoto wake. Nilikuwa bado kazini, ofisini Dodoma, mbali na maji yoyote. Mchana mmoja nikapigiwa simu na msichana aliyejitambulisha kuwa Injinia Editha, yuko ufukweni karibu na Kagunga, ameambiwa mimi niliwahi kufanya kazi kule zamani. Upepo ulikuwa unakula nusu ya maneno yake.

Shida yake ilikuwa hii. Alikuwa na mabanda manne ya kuezeka na mvua ziko karibu. Wanakijiji walimwambia kuna mzee mmoja wa Ujiji anayejua mapaa ya ziwani kuliko mtu yeyote. Wamemleta, yuko hapo, ameshakagua mbao. Lakini ofisi ya Kigoma imemtumia picha ya karatasi kutoka faili la zamani.

"Imeandikwa asipewe kazi za paa," akasema. "Mkubwa wangu anasema nitafute fundi mwingine. Mimi nimemwona anavyofanya kazi, mama, na hii karatasi siielewi. Sahihi yenyewe haisomeki, ni kama mtu alikuwa anajaribu kalamu. Unamjua aliyeiandika?"

Ningeweza kusema simjui. Nawaambia kweli, sentensi ilikuwa tayari, fupi na safi kama ile ya kwanza. Nilitazama dirishani, palikuwa na mtu anaosha gari.

"Mzee yuko karibu nawe?" nikauliza.

"Amekaa pale kwenye bati."

"Hizo futi tano za kwenye taarifa ni mimi niliyesema, Editha. Yeye alinikataza. Taarifa ni yangu na sahihi ni yangu. Andika hivyo, mwambie mkubwa wako anipigie nirudie."

Upepo ukajaa simuni. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ya kiofisi, "Sawa, mama," na simu ikakatika kweli.

Niliagiza chai nikaiacha. Mkubwa wake alipiga, nikarudia. Alitaka kujua kama niko tayari kuiweka kwa maandishi, nikasema ndiyo, akasema basi maneno yale yataondolewa kwenye faili na mzee aanze kazi. Yote yalichukua dakika tano. Miaka ishirini, dakika tano.

Kabla sijatoka ofisini simu ikalia tena, namba nisiyoijua.

"Injinia."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Huyu binti ameniambia."

Nikaanza kuomba radhi. Nilikuwa nimeiandaa kwa miaka, ilikuwa ndefu, yenye vipengele, na Fundi Kalumba aliiacha ipite yote kama mtu anayesubiri lori lipite ndipo avuke barabara. Ilipokwisha akasema, "Mama Sifa mguu ulipona. Nilikuwa nakwenda kumwona. Alifariki juzi juzi kwa uzee wake tu."

Nikasema sikujua.

"Ungejuaje." Nikasikia mawimbi. "Mke wangu yeye alijua. Kwa watoto nilinyamaza, maana wangesema baba anamsingizia msomi. Sasa ni watu wazima, mmoja ana watoto wake. Hii unayoiandika, nitapata nakala niwaonyeshe?"

"Utapata, Fundi. Naiandika leo."

"Basi humo humo uandike na papi za hili banda, futi ngapi."

Nikamwambia apange anavyoona yeye, anajua kuliko mimi, hahitaji maelekezo yangu.

"Hapana," akasema Fundi Kalumba. "Nitapiga futi mbili na nusu, hilo nimeshaamua. Wewe niandikie. Halafu tia sahihi, na safari hii isomeke."